Seva ndogo ya faragha nyumbani: ibebe nini, iache nini

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuacha shughuli zenu na kuja kusikiliza habari za kompyuta ndogo. Nazungumzia ile ya ukubwa wa kiganja, au kile kisanduku kilichostaafishwa ofisini, kinachowekwa kando ya ruta ili picha, kalenda, namba za simu na mazungumzo ya watu wa nyumba hiyo yakae humohumo, yasigeuzwe malighafi ya kampuni za matangazo.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 2010 Eben Moglen, profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, alihutubia jijini New York akataka watu wa kawaida wawe na seva zao ndogo za kuchomeka ukutani, zenye programu huria. Hapo ndipo ulipochipuka mradi wa FreedomBox, ambao hadi leo unajengwa juu ya Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux. DreamPlug, mojawapo ya vifaa vya mwanzo, ilikuwa na prosesa ya gigahezi 1.2 na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya megabaiti 512. Raspberry Pi 4, kompyuta ya ukubwa wa kiganja iliyotoka 2019, ina prosesa ya viini vinne na inapatikana na RAM ya hadi gigabaiti 8. Vifaa vimepanda, lakini kilio cha seva kukwama hakijaisha, kwa kuwa kila nafasi iliyopatikana imejazwa huduma nyingine.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba kasi ni sehemu ya faragha. Picha ikichukua sekunde kumi kufunguka, au jina la tovuti likitafutwa sekunde tatu kabla ukurasa haujaanza kuja, watu wa nyumbani hawatagombana nawe. Watarudi kimyakimya kwenye huduma za bure za kampuni kubwa, na seva yako itabaki inawaka taa tu. Kwa hiyo kila unapotaka kuongeza huduma, swali la kwanza liwe: ni huduma gani iliyopo tayari itakayolipia? Mshika mawili moja humponyoka, na kwenye kifaa cha bei nafuu kinachoponyoka huwa ni kile ambacho nyumba nzima inakitegemea bila kujua.

Tuanze na bajeti. Wengi hutazama kasi ya prosesa. Kwa kazi za nyumbani, prosesa ndiyo ya mwisho kukwama. Cha kwanza kuisha ni RAM, kinafuata uwezo wa diski kuandika vipande vidogovidogo, halafu kasi ya kupakia ya laini yako ya intaneti. Nitakaa zaidi kwenye RAM, maana ndipo seva nyingi zinapofia.

Debian isiyo na dawati la picha inatulia kwenye megabaiti 100 hadi 200. WireGuard, njia iliyosimbwa ya kuingia nyumbani ukiwa nje, inaishi ndani ya kerneli yenyewe, moyo wa mfumo, tangu toleo la Linux 5.6 la mwaka 2020, na RAM yake ni ndogo kiasi cha kutohesabika. Unbound ya kujibu majina ya tovuti, pamoja na kichujio cha matangazo kama Pi-hole, vinatosheka na kama megabaiti 100 ukiwa na orodha za kiasi. Radicale, inayotunza kalenda na namba za simu, inaridhika na makumi ya megabaiti. Prosody, seva ya mazungumzo ya itifaki ya XMPP, vivyo hivyo. Hadi hapo hata kifaa cha gigabaiti 1 kinapumua vizuri, na tayari umeshapata sehemu kubwa ya faragha unayoitafuta: majina ya tovuti hayaonekani kwa mtoa huduma kama orodha ya maswali yaliyotumwa kwenye seva yake, njia ya siri ya kuingia nyumbani ipo, kalenda yako iko kwako, na mazungumzo yako hayapiti kwa mtu wa kati.

Upande wa pili kuna wazito. Nextcloud, ya kutunza mafaili na picha, inapendekeza RAM ya megabaiti 512 kwa kila mchakato wa PHP, lugha iliyoandikiwa, na nyuma yake kuna hifadhidata na Redis ya kache. Synapse, seva ya mazungumzo ya itifaki ya Matrix, inaweza kuanza kwa upole, lakini mtu mmoja wa nyumbani akijiunga na chumba kikubwa cha watu maelfu, inalazimika kuchambua hali ya chumba kizima na wanachama wake, na RAM inapanda hadi mamia ya megabaiti na zaidi. ClamAV, ya kukagua virusi, inapakia alama zote za virusi kwenye RAM na kupita gigabaiti 1. Inaposasisha alama hizo, kwa kawaida inashika nakala ya zamani na mpya kwa pamoja, kwa hiyo kwa dakika chache mahitaji yanakaribia kuwa maradufu. Ndiyo sababu waundaji wake wanataka mashine yenye gigabaiti 3 au zaidi. Kwenye seva ya nyumbani ya gigabaiti 2 sioni sababu ya kuiweka. Ukilazimika, andika `ConcurrentDatabaseReload no` kwenye mipangilio yake.

Tatizo ni kwamba watu wanapima seva ikiwa imelala. Wanaangalia saa nne asubuhi, wanaona nusu ya RAM iko wazi, wanaongeza huduma. Tazameni inavyokuwa jioni. Simu nne zinaingia kwenye wifi ya nyumbani karibu kwa wakati mmoja, na kila moja ina picha za siku nzima za kupandisha. Picha ya megapikseli 12 ni faili la megabaiti 3 au 4 ndani ya simu, lakini ili seva itengeneze kijipicha, lazima kwanza iifungue pikseli kwa pikseli, baiti 4 kila moja. Hiyo ni megabaiti 48. Picha ya megapikseli 48 inafika megabaiti 192. Michakato mitano ya PHP ikifanya hivyo kwa pamoja, umekaribia gigabaiti nzima kwa vijipicha tu, na hujahesabu hifadhidata. RAM ikiisha kabisa, kerneli inatafuta wa kuua, na kwa kawaida inamchagua mnene kuliko wote. Mara nyingi huyo ni hifadhidata, wakati kosa limefanywa na vijipicha. Na kabla ya kuua, mfumo unahangaika kwa dakika kadhaa kiasi kwamba hata Unbound haipati nafasi ya kujibu. Nyumba nzima inasema intaneti imekatika, kumbe laini ni nzima na wakati huo simu zinapandisha picha.

Tiba yake ina hatua, na mfuatano wake una maana.

Kwanza, punguza ukubwa wa kilele. Kwenye `config.php` ya Nextcloud weka `preview_max_x` na `preview_max_y` ziwe 2048, kwani thamani ya kawaida ni 4096, yaani pikseli mara nne. Weka `preview_concurrency_new` iwe 1 au 2 ili vijipicha vitengenezwe kwa foleni. Mpangilio huu unahitaji PHP iwe na kiendelezi cha sysvsem, vinginevyo haufanyi kazi. Kazi za nyuma ziendeshwe na cron, kipanga-ratiba cha mfumo, kila dakika 5, zisiachiwe kivinjari cha mtumiaji.

Pili, hesabu michakato ya PHP badala ya kunakili namba. Chukua kifaa cha gigabaiti 2. Toa megabaiti 200 za mfumo, 100 za majina na kichujio, 300 za hifadhidata, 50 za Redis, na uiachie kache ya diski megabaiti 400, maana bila hiyo kila faili litasomwa upya kutoka diskini. Zinabaki kama 950. Mchakato mmoja wa PHP ukiwa kazini unakula 80 hadi 120, kwa hiyo `pm.max_children`, kikomo cha idadi ya michakato hiyo, isizidi 8, na mimi ningeweka 6. Namba kama 50 au 120 zinazoonekana kwenye miongozo ni za mashine nyingine kabisa. Mtu wa saba akisubiri nusu sekunde kwenye foleni, hatagundua. Mtu wa saba akiisukuma seva kwenye swapu ya memori kadi, yaani kadi itumike badala ya RAM, wote saba watagundua.

Tatu, weka ukuta kati ya huduma. Kwenye faili la systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, la kila huduma nzito andika `MemoryHigh` na `MemoryMax`, mfano 700M na 900M kwa PHP. Ikifika ya kwanza inapunguzwa mwendo, ikivuka ya pili inauawa yenyewe bila kumburuta jirani. Unbound na WireGuard ndizo za kulindwa. Kwa Unbound weka `OOMScoreAdjust=-900`, kerneli isiiguse isipokuwa hakuna namna. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi: Raspberry Pi OS huwa imezima udhibiti wa RAM wa cgroup, kwa hiyo mipaka hiyo inaandikwa, systemd inaipokea, na haifanyi chochote. Soma faili `/sys/fs/cgroup/cgroup.controllers`. Ukikosa neno memory humo, ongeza `cgroup_enable=memory` mwishoni mwa mstari uleule mmoja wa `cmdline.txt`, kisha uwashe upya. Ukiuvunja mstari huo kuwa miwili, kifaa kinaweza kisiwake.

Nne, zram. Hiyo ni swapu iliyo ndani ya RAM yenyewe, ikiwa imebanwa. Data ya kawaida ikibanwa kwa mbinu ya zstd hushuka hadi nusu au theluthi ya ukubwa wake. Ipe ukubwa wa nusu ya RAM, na `vm.swappiness`, kiwango cha kuelekea swapu, iwe 100 au zaidi. Tangu kerneli 5.8 kikomo ni 200. Swapu iliyo kwenye memori kadi izimwe, kwa kuwa inachelewesha kila kitu na inaila kadi.

Na upime wakati wa kilele. Kwenye `free -h` soma safu ya available, achana na free, kwani RAM inayoshikwa na kache bado ni yako. Kwenye `vmstat 1` tazama si na so: zikiwa sifuri muda mwingi uko salama, zikiwa na namba mfululizo umevuka. Kipimo bora kuliko vyote ni `/proc/pressure/memory`. Mstari wa full unaonyesha asilimia ya muda ambao kazi zote zilisimama zikisubiri RAM. Avg60, wastani wa sekunde 60, ikivuka 5 jioni baada ya jioni, kuna huduma inayopaswa kuondoka.

Sasa diski. Memori kadi imetengenezwa kwa ajili ya kamera: kuandika mfululizo, faili moja kubwa baada ya jingine. Hifadhidata inaandika kinyume chake, vipande vya kilobaiti chache huku na kule. Ndani ya kadi eneo la kufutwa kwa mara moja ni kubwa sana kuliko kipande hicho, kwa hiyo kuandika kidogo kunailazimisha kadi kuhamisha kingi. Ndiyo maana inachelewa, na ndiyo maana inakufa mapema. Alama ya A1 inaahidi uandishi wa nasibu mara 500 kwa sekunde, A2 inaahidi 2000, ila ahadi ya A2 inahitaji kifaa kinachojua kupanga foleni ya amri za kadi. Kwenye kifaa kisichojua, A2 inaweza isiwe na faida yoyote juu ya A1. Kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu cha kuongezea, nunua SSD ndogo ya USB kabla ya kufikiria kifaa chenye RAM zaidi. Hifadhidata na data zihamie huko.

Ukibaki na kadi, punguza mara za kuiandikia. Weka `noatime` kwenye fstab, ili kusoma faili kusiandike saa ya kusomwa kwake. Logi za mfumo ziweke kwenye RAM kwa `Storage=volatile` ya journald, mtunza logi wa systemd, ukijua kwamba umeme ukikatika logi zimepotea, au zibane kwa `SystemMaxUse=50M`. Pi-hole inaandika historia ya maswali ya kila kifaa cha nyumbani mara kwa mara. Kwa utendaji, refusha muda kati ya kuandika mara moja na nyingine. Kwa faragha, jiulize kwa nini unatunza miezi mitatu au mwaka mzima wa kila tovuti aliyoifungua kila mtu wa nyumba yako. Siku saba zinatosha kutafuta hitilafu. Hapa faragha na kasi zinavuta upande mmoja, na nafasi kama hiyo isipite bure.

Umeme nao ni utendaji. Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Volti ikishuka chini ya kama 4.63, kifaa kinajipunguza kasi, na SSD inaweza kujitoa katikati ya kuandika. Agiza `vcgencmd get_throttled`. Jibu la 0x0 ni salama. 0x50000 maana yake tangu kuwashwa kuliwahi kuwa na upungufu wa volti na kupunguzwa mwendo, 0x50005 maana yake yanatokea sasa hivi. Mara nyingi mkosaji ni waya mwembamba wa chaja ya simu. Na kama SSD inaganda kwa sekunde thelathini kisha inarudi, huku `dmesg` ikionyesha `uas_eh_abort_handler`, kiunganishi cha USB hakielewani na hali ya UAS, njia ya kasi ya kuendesha diski za USB. Kwenye mstari uleule wa `cmdline.txt` ongeza `usb-storage.quirks=` ikifuatiwa na namba za kifaa kutoka `lsusb` na `:u`. Unapoteza kasi kidogo, unapata diski isiyoanguka.

Nije kwenye usimbaji fiche, maana hapo ndipo watu hujaribiwa kukata ili wapate kasi. Msikate. Chagueni njia inayolingana na prosesa. Prosesa ya Raspberry Pi 4 haina maagizo maalumu ya AES, mbinu iliyoenea ya usimbaji. Ya Raspberry Pi 5 inayo, na kompyuta nyingi za Intel na AMD za miaka ya karibuni zinayo. Tafuta neno aes ndani ya `/proc/cpuinfo`. Lisipokuwepo, diski iliyosimbwa kwa AES itakula viini vyako. Linganisha mwenyewe: endesha `cryptsetup benchmark`, kisha `cryptsetup benchmark -c xchacha20,aes-adiantum-plain64`. Adiantum, mbinu mbadala ya usimbaji, ilitengenezwa na Google kwa ajili ya vifaa vya aina hiyo hasa, na imo kwenye Linux tangu toleo 5.0. Kwenye prosesa isiyo na AES tofauti huonekana wazi. Lakini kabla ya kufomati upya diski, kumbuka kwamba mtu aliye nje ya nyumba anahudumiwa na laini yako. Kama laini inapakia megabiti 10 kwa sekunde, yaani megabaiti 1.25, hakuna usimbaji kwenye kifaa chochote cha leo utakaokuwa kikwazo chake.

Kosa moja la LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski, linahitaji kusimuliwa kwa kina, kwa sababu linakuja siku mbaya kabisa. LUKS2 hulinda nenosiri kwa Argon2id, ambayo kwa makusudi inakula RAM ili mvamizi apate taabu. Ukifomati diski kwenye kompyuta kubwa, inaweza kuchagua gigabaiti 1 nzima. Kisha unaihamishia kwenye kifaa cha megabaiti 512 au gigabaiti 1, unaandika nenosiri sahihi, na diski inakataa kufunguka kwa kukosa RAM. Mtu anadhani amesahau nenosiri. Rudisha diski kwenye kompyuta kubwa, chukua kwanza nakala ya kichwa cha diski, sehemu yenye funguo, kwa `luksHeaderBackup`, halafu endesha `cryptsetup luksConvertKey --pbkdf argon2id --pbkdf-memory 262144` ikifuatiwa na jina la diski. Namba hiyo ni kibibaiti, yaani megabaiti 256. Ulinzi unapungua kidogo, kwa hiyo refusha nenosiri: maneno sita au saba yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu.

Swali linalofuata ni nini kisimbwe. Ukisimba mfumo mzima, umeme ukikatika na kurudi, seva inasubiri nenosiri, na nyumba haina huduma ya majina ya tovuti mpaka ufike. Kwa seva nyingi za nyumbani napendekeza data pekee ndiyo isimbwe, kwenye SSD yake. Mfumo unawaka wenyewe, Unbound na WireGuard zinasimama, nawe unaingia kwa WireGuard kutoka ulipo na kuifungua diski. Gharama yake ni kwamba anayeiba kifaa anapata mipangilio na ufunguo wa WireGuard. Siku hiyo unafuta funguo zote na kutengeneza mpya. Logi zisiandikwe kwenye sehemu isiyosimbwa, jambo ambalo `Storage=volatile` imeshalishughulikia.

Kuhusu njia ya kuingia nyumbani: WireGuard inatumia mbinu ya usimbaji ya ChaCha20, ambayo haihitaji maagizo ya AES, na inafanya kazi ndani ya kerneli. OpenVPN ya kawaida inapitisha kila pakiti nje ya kerneli na kurudi, kwenye kiini kimoja. Kwa kifaa kidogo hakuna cha kujadili. Cha kujadili ni `AllowedIPs`, orodha ya anwani zinazopitia WireGuard. Ukiandika `0.0.0.0/0` kwenye simu, kila kitu cha simu kinapita nyumbani, na kasi ya simu kupakua inakuwa kasi ya nyumba yako kupakia. Video ya gigabaiti 4 kwenye laini ya megabiti 10 ni kama dakika 53. Tengeneza wasifu mbili kwenye simu: ya kwanza yenye mtandao wa nyumbani na anwani ya seva ya majina tu, ya kila siku, ya pili yenye kila kitu, kwa ajili ya wifi usizoziamini. Kurasa ndogo zikifunguka na kubwa zikiganda, shusha MTU, ukubwa wa juu wa pakiti. Kawaida ni 1420, na kwenye laini ya PPPoE ni 1412. Na ruta yako ikipewa anwani ya nje inayoanzia 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya CGNAT, yaani mtoa huduma anawagawia wateja wengi anwani moja ya nje, na mlango haufunguki kutoka nje. Tumia IPv6 kama ipo, au huduma ya siri ya Tor, mtandao unaoficha anwani, au seva ndogo ya kukodi kama daraja, ukiweka `PersistentKeepalive = 25`.

Orodha za kuzuia matangazo nitazigusa tu. Orodha moja au mbili zinazotunzwa vizuri zinafanya kazi karibu yote. Kurundika mamilioni ya majina kunarefusha usasishaji, kunakula RAM, na kunavunja tovuti za watu wasiojua kwa nini zimevunjika.

Kuna hitilafu ya saa ambayo inazaliwa na ulinzi wenyewe. Raspberry Pi za kabla ya 5 hazina saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Zikiwaka, zinaamka na tarehe ya zamani. Unbound inakagua sahihi za DNSSEC, zinazothibitisha kwamba majibu ya majina hayajaghushiwa, inaona muda wake haulingani, inakataa majibu yote. Ili saa irekebishwe, kifaa kinahitaji kupata jina la seva ya muda, na jina hilo linapitia Unbound ileile inayokataa. Vinasubiriana, na dalili pekee ni kwamba hakuna tovuti inayofunguka baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu. Wapo wanaozima DNSSEC wakaona wametibu. Weka anwani ya namba ya seva ya muda badala ya jina, anwani ya ruta kwa mfano kama ruta inatoa huduma ya NTP. Au funga moduli ya saa ya DS3231 kwenye pini, yenye betri yake ndogo.

Sasa niseme wazi ninachokiacha nje kwenye kifaa cha gigabaiti 2 hadi 4. Kubadili muundo wa video wakati mtu anatazama: toa faili kama lilivyo, kifaa cha mtazamaji kilifungue, na ukiihitaji video ndogo itengenezwe usiku. Utambuzi wa nyuso kwenye picha: ni kazi ya prosesa kubwa, na kwa mtu anayejali faragha ni kitu cha kufikiria mara mbili hata kwenye mashine yenye nguvu. Uhariri wa nyaraka ndani ya kivinjari: programu ya ofisi iliyo kwenye kompyuta yako, pamoja na Syncthing ya kulinganisha mafaili, inafanya kazi ileile kwa sehemu ndogo ya RAM. Kontena, yaani huduma zilizofungashwa na kila zinachohitaji, nazo zichukuliwe kwa uangalifu. Kontena lenyewe si zito, ila mafungu mengi yaliyoandaliwa huja kila moja na hifadhidata yake, na utajikuta na PostgreSQL tatu zinazofanya kazi ya moja.

Nakala za akiba haziachwi kamwe, hata zikiwa zinakula kasi. Programu za nakala kama Borg au restic ziendeshwe saa za usiku chini ya `nice -n 19`, ili zipishe kazi nyingine, na kitengo chake cha systemd kiwe na `MemoryMax` pia. Nakala moja iwe nje ya nyumba, ikiwa imesimbwa kabla ya kutoka. Hifadhidata itolewe kwanza kwa `mysqldump --single-transaction` au `pg_dump`, kwa kuwa kunakili mafaili yake ikiwa inaandika kunaweza kukupa nakala isiyofunguka. Na kila baada ya miezi michache, rudisha folda moja na hifadhidata nzima kwenye kompyuta nyingine, uone kama zinafunguka.

Mwisho, namna ya kuongeza na kuondoa. Ongeza huduma moja tu, uipe wiki mbili. Siku ya kwanza kabla ya kuiweka andika namba tatu: available ya kilele cha jioni, avg60 ya pressure, na muda wa jibu la `dig`, amri ya kuuliza majina ya tovuti, kwa jina ambalo limeshaingia kwenye kache. Jibu hilo lije ndani ya milisekunde chache. Baada ya wiki mbili pima tena saa ileile. Kama `dig` imepanda hadi makumi ya milisekunde, huduma mpya inapunguziwa mipaka au inatoka. Waulize pia watu wa nyumbani nani aliitumia, kwa jina la huduma, na muwasikilize.

Ya kutoka isifutwe siku hiyohiyo. Toa data zake kwa muundo unaosomeka na programu nyingine: iCalendar kwa kalenda, vCard kwa namba za simu, folda za kawaida kwa picha. Kisha `systemctl disable --now`, ili isiwake tena lakini mafaili yake yabaki. Acha mwezi upite. Asipotokea wa kuiulizia, ondoa programu, ondoa hifadhidata yake, funga mlango wake kwenye ngome ya mtandao, na ufute jina lake kwenye Unbound.